Asiyehitaji Dakika za Maongezi

Dada yangu ni fundi wa cherehani. Simaanishi fundi wa kushona. Kushona anajua, lakini hiyo si kazi yake. Yeye anatengeneza cherehani zenyewe, zile kubwa za kiwandani zenye mota, zinazopangwa mistari kwa mistari mpaka mwisho wa jumba. Mashine ikianza kuruka nyuzi, mshonaji ananyanyua mkono, na dada anakuja na kikoba chake cha bisibisi. Anaweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, anamwashiria mshonaji akanyage pedali, anatulia kidogo kama mtu anayempima mtoto homa, halafu anaifungua.

Hasikii. Aliugua homa kali kabla hajaanza shule, na alipopona masikio yalikuwa yameshafunga kazi. Mimi ni mdogo wake. Nilizaliwa nikamkuta hivyo, kwa hiyo kwangu mikono na mdomo vilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Mama anasema niliomba maziwa kwa mikono kabla sijayaomba kwa sauti. Nilipopata akili kidogo nikawa mkalimani wake: dukani, zahanati, shuleni, mpaka siku ya posa yake. Mimi ndiye niliyewaambia wakubwa kwamba amekubali, na hadi leo shemeji ana utani wake mmoja tu: wakikosana na dada ananiambia eti nilitafsiri vibaya.

Kazi yangu mimi ni ususi. Saluni yangu iko mtaa wa nyuma ya kiwanda, chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na benchi la wanaosubiri. Nikiitwa kiwandani kutafsiri, mteja namwacha na kichwa nusu, naenda, narudi. Wateja wangu wamezoea. Wengine wanasinzia.

Ndivyo nilivyoitwa siku ile meneja alipotaka kuzungumza na dada. Kampuni ilikuwa imefungua kiwanda kingine nchi jirani, ng'ambo ya mpaka.

"Mashine zimeshafika kule," meneja alisema, akinitazama mimi. Watu wengi wakizungumza na dada huwa wananitazama mimi. "Mafundi wa kule ni wazuri, ila aina hii hawajaizoea. Nataka mtu akazisimamishe na kuwafundisha. Nataka aende yeye."

Nikatafsiri. Dada akauliza vipuri vimefika au bado, atalala wapi, na ufunguo wa stoo atakuwa nao nani. Habari ya masikio hakuigusa kabisa. Aliyeigusa ni meneja.

"Sasa wataelewana vipi? Maana wewe siwezi kukusafirisha."

Swali hilo sikulitafsiri. Nililijibu mwenyewe, haraka, kama mtu anayewahi kiti. "Mimi nitakuwa kwenye simu. Atanipigia ya video, nitawatafsiria hapohapo. Kiswahili chao na chetu ni kilekile, ni lafudhi tu."

Meneja akaridhika. Dada akanigusa bega akataka kujua nimesema nini. Nilipomweleza, akanitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani ni shukrani.

Simu ya kazini alikabidhiwa na fundi kompyuta wa ofisi, mtu mpole anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Nilisimama katikati yao nikitafsiri.

"Hii ina nafasi mbili za laini," alisema. "Laini yetu ya hapa usiitoe, kwa sababu programu ya ujumbe imeshikana na namba hiyo. Ila ukivuka tu mpaka, zima data yake. Ukiiacha wazi itatumia mtandao wa kule kwa bei ya mgeni, na salio litayeyuka hata hujafika stendi. Kule nunua laini yao ya kawaida, ya kuweka vocha, uichomeke nafasi ya pili, na data yote ipite humo. Programu ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa."

Dada alimwacha amalize, kisha akamnyang'anya simu kwa adabu. Akachomoa kile kisahani cha laini kwa pini, akakirudisha, akaingia kwenye mipangilio, akazima, akawasha, akazima tena. Ndivyo alivyo. Kitu hajakifungua mwenyewe bado hajakijua.

Nyumbani mama alikunja nguo za dada akazikunjua akazikunja upya.

"Akipotea atamuuliza nani?" aliniuliza.

"Atauliza, mama. Ana simu."

"Simu na masikio yale?"

"Ni ya video. Ataniona, nitamwona."

Mama akarudi kwenye kukunja nguo. Alama za mikono alizokuwa nazo zilikuwa chache, za jikoni: kula, lala, njoo, acha hiyo. Alizibuni mwenyewe zamani, akaishia hapo, kwa sababu mimi nilikuwepo. Mengine yote aliyotaka kumwambia binti yake mkubwa yalipitia kwangu. Usiku wa kuagana aliniambia, "Mwambie ajitunze," na mimi nikamwambia, wakati wenyewe wamekaa magoti yanagusana.

Kilichotokea ng'ambo dada alinisimulia baadaye, na dada akisimulia unaona sinema nzima. Alishuka kwenye basi, data ya nyumbani akaizima, akaanza kutafuta. Nje ya stendi akamkuta muuza laini chini ya mwavuli, mwanamume mwenye kizibao cha rangi kali, na kijimeza cha vocha mbele yake. Dada alikuwa ameandika kwenye simu kabla hajasafiri: "Habari za kazi. Mimi ni kiziwi. Naomba laini mpya yenye data tu." Akamwonyesha.

Muuza laini akasoma, akatabasamu, akapokea pasipoti, akampiga picha, akamwelekeza aweke kidole kwenye kimashine. Kisha akaanza kumweleza. Alieleza sana, dada anasema, na meno yake yote aliyahesabu. Mwisho akageuza simu yake amwonyeshe alichomchagulia: bando la ofa, data kidogo na dakika za maongezi tele, mitandao yote.

Dada akagusa neno "dakika" kwenye kioo cha simu, akagusa sikio lake, akafungua mikono kama mtu asiye na chochote. Yule bwana akaangalia dakika, akaangalia sikio, na mwenyewe akaanza kucheka mpaka mwavuli ukatikisika. Dada naye akacheka. Akafutiwa ofa, akawekewa bando la data tupu, kubwa, na walipoagana muuza laini alimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona.

Laini ilichukua muda kuamka. Alikaa kwenye benchi la stendi, begi katikati ya miguu, akisubiri vile vijistari vya mtandao vitokeze. Vilipotokeza, programu ikamuuliza kuhusu namba. Akakataa. Akanipigia.

Nilikuwa katikati ya kichwa cha mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kioo tangu asubuhi. Uso wa dada ulipojitokeza, nyuma yake barabara nisiyoijua na magari yenye namba za rangi nyingine, niliachia rasta mikononi.

"Nimefika," alisema kwa mkono mmoja. "Mtandao wao una kasi kuliko wetu. Mwambie mama nimekula."

"Amefika?" mwalimu akauliza.

"Amefika."

"Peke yake?"

"Peke yake, mwalimu."

Benchi zima la wanaosubiri likanyanyuka kuja kumwona. Wakampungia mikono, naye akawapungia.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kwanza kiwandani. Nilijiandaa kama ninayeenda kwenye usaili. Nilivaa blauzi isiyo na maua ili mikono ionekane vizuri, wateja wa asubuhi nikawaomba waje mchana. Dada akapiga. Simu yake aliiegemeza kwenye koni ya uzi juu ya meza, nikaona jumba refu, jipya, na mashine bado zina karatasi za nailoni. Mbele ya meza walisimama mafundi wa kule na msimamizi wao, mama mwenye miwani shingoni. Mmoja wa mafundi alikuwa mnene kuliko wote, wenzake wakimwita Bonge, naye akiitika kwa raha zote.

Nilianza vizuri. Msimamizi anakaribisha, natafsiri. Dada anasema mashine zisiwashwe kabla ya kusawazisha meza, natoa sauti, wanaitika. Bonge akauliza swali kuhusu mafuta. Nikamwambia dada, dada akainua mkono kujibu.

Mkono ukabaki hewani. Picha ilikuwa imeganda. Nikasubiri, nikapiga, nikapiga tena. Haikupatikana.

Sijui kama nimewahi kujisikia vibaya namna ile. Niliona picha moja tu kichwani: dada amesimama mbele ya watu wazima wasiomjua, simu imekufa, wao wanaongea na yeye anawaangalia midomo. Nilifunga saluni nikakimbilia ofisini kwa fundi kompyuta. Akafungua kompyuta yake, akatazama, akasugua paji la uso.

"Video," alisema. "Amepiga video za mashine zote leo asubuhi kabla hamjaanza, kwa ajili ya kazi. Simu hii kila inachopiga inakipandisha yenyewe kwenye hifadhi ya ofisi. Tumezoea hapa inatumia mtandao wa ndani. Kule imekula bando lake lote. Nilitakiwa kuzima hiyo kitu, ikanipita."

"Sasa tufanye nini?"

"Mpaka anunue bando lingine. Au mpaka tupate namba ya kule ofisini kwao."

Namba ya ofisi yao ilikuwa ikiita tu. Nilirudi saluni, nikakaa kwenye kiti cha wateja, simu mapajani. Mama alikuja akanikuta hivyo. Nilitaka kumdanganya lakini uso wangu haujui.

"Sema," akasema.

"Bando limekata. Yuko nao, hana wa kumsemea."

Mama akakaa kiti cha pili. Tukatazamana kwenye kioo.

Jioni jua bado lipo, simu ikaita. Dada huyo, nywele zina vumbi la pamba, nyuma yake mwavuli wa muuza laini.

"Ulikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Kazini," akajibu, kama nimeuliza swali la ajabu.

Akanisimulia. Picha ilipoganda, aliangalia simu, akaona bando limeisha, akaitia mfukoni mwa aproni. Mafundi wakatazamana. Msimamizi akaanza kutafuta kalamu na karatasi. Dada akamwashiria asijisumbue. Akavua karatasi ya nailoni kwenye mashine ya kwanza, akaufungua ubavu wake, akamshika Bonge kiganja akakilaza juu ya chuma, cha kwake juu ya cha Bonge, akakanyaga pedali. Akakaza skrubu kidogo, akakanyaga tena. Bonge akakunja uso. Akalegeza, akakanyaga. Safari hii Bonge akafungua macho, akawaita wenzake waje waguse. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa na alama ya sindano, alama ya uzi uliobana, ya uzi uliolegea, ya mafuta, ya simama. Alama ya mafuta waliitunga wao wenyewe, kwa kupapasa kitambi cha Bonge, na Bonge hakukataa. Jioni mstari mzima wa kwanza ulikuwa unazunguka.

"Wana akili," dada alisema. "Hawaogopi mashine."

Nilimweleza kuhusu video zinazopanda zenyewe. Akaingia kwenye mipangilio hapohapo nikimwona, akazima, akanionyesha kioo nihakikishe. Nikamwambia, "Kesho haitatokea tena. Nitakaa kwenye simu tangu asubuhi mpaka mfunge."

Akajifuta vumbi la pamba usoni.

"Kesho usikae unasubiri," alisema. "Suka watu. Nikikuhitaji nitakupigia."

Nikasema sawa. Sitasema uongo, neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimejiona daraja, na kumbe mtu ameshavuka kwa miguu yake. Nilisuka siku nzima iliyofuata nikiichungulia simu, na simu ikanyamaza kimya. Mwalimu mstaafu aliyekuja kumaliziwa kichwa chake akaniambia, "Wewe ulitaka aende, au ulitaka muende?" Nilimvuta nywele kidogo, akasema aa.

Dada akawa ananipigia jioni tu, akitoka kazini, na hapo ndipo mama alipoanza kuja saluni kila siku wakati huo. Mara za kwanza alikuwa anakaa pembeni: mwambie hivi, muulize vile. Lakini mimi nikitafsiri nahitaji mikono yote miwili, kwa hiyo simu alikuwa anaishika mama. Na aliyeishika simu ndiye dada anayemtazama. Mama akajikuta ana uso wa binti yake kiganjani, unamsubiri aseme neno.

Siku moja akanirudishia simu kabla hatujapiga. "Nionyeshe," alisema. "Nikitaka kumuuliza kama analala vizuri, nafanyaje?"

Nikamwonyesha. Akarudia, vidole vyake vigumu kidogo, akarudia tena. Dada alipotokea, mama akaiegemeza simu kwenye kioo kama ninavyofanya mimi, akauliza mwenyewe. Dada akasogea karibu na kioo cha simu. Kisha akajibu polepole, kila alama peke yake, na mama akageuka kuniangalia.

"Amesema kitanda ni kigumu lakini analala. Siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie. Nimeelewa."

Tangu siku hiyo kila jioni alitaka alama mpya, na za kugombeza alizishika upesi kuliko zote.

Kazi ya dada ilipokaribia mwisho, meneja alivuka kwenda kukagua kabla oda ya kwanza haijaanza kushonwa. Asubuhi hiyo nilipigiwa. Safari hii nilikuwa na wateja wawili, mmoja kwenye kiti na mmoja anasubiri, na mama yupo. Meneja ndiye aliyekuwa ameshika simu.

"Nimemwambia akupigie," alisema. "Nataka taarifa kamili, nisije nikaelewa vibaya."

Akaiegemeza simu kwenye meza. Dada alikuwa amesimama katikati ya jumba, mafundi nyuma yake. Alianza kueleza. Nikavuta pumzi niseme, na kabla sijatoa sauti, sauti nyingine ikatoka.

"Fundi anasema mstari wa kola uko tayari na umejaribiwa." Alikuwa Bonge. Amesimama ubavuni kwa dada, anaangalia mikono yake, anasema. "Mstari wa mikono ya mashati uko tayari. Mstari wa vifungo, mashine za mwisho zinasubiri mikanda."

Dada akagonga meza kwa kidole. Bonge akamtazama. Dada akarudia ile alama, vidole vimepinda, vinasukuma mbele.

"Samahani, meneja. Siyo mikanda. Ni meno ya kusukuma kitambaa. Yaliyokuja siyo saizi yake."

"Hayo meno yataletwa wiki hii," meneja alisema. Bonge akamwambia dada kwa mikono: meno, yanakuja. Zilikuwa alama za kiwandani, nusu zetu, nusu zao, zina ukali ukali kama za mtu aliyejifunza akiwa ameshika bisibisi. Lakini dada alielewa, akaendelea.

Mimi nilikuwa nimesimama na rasta kati ya vidole. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona dada anazungumza na watu bila mimi kuwa katikati. Nilikuwa sijui anavyoonekana. Anaonekana mrefu. Anasimama miguu imeachana, hamalizi sentensi mpaka aone umeelewa ya kwanza, na akikusahihisha hakudhalilishi. Meneja, nikaona, alikuwa anamtazama yeye.

Mwisho ndipo akanikumbuka. "Wewe dada mdogo, umesikia yote? Kuna kilichoachwa?"

"Hakuna," nilisema. "Amesema hivyohivyo."

Hilo ndilo neno pekee nililotafsiri siku ile, na halikuhitaji tafsiri. Simu ilipokatika nikamwona mteja wangu kwenye kioo ananiangalia.

"Mbona unalia, dada?"

"Silii," nikamwambia. "Inamisha kichwa."

Mama alikuwa anacheka peke yake kwenye benchi, na kila aliyepita mlangoni siku ile alisimuliwa, kuanzia muuza maji mpaka mtu aliyekuja kuuliza njia tu.

Sasa dada ni mkuu wa mafundi wa viwanda vyote viwili. Laini ya kule hakuitupa, inakaa kwenye nafasi yake ya pili, na kila baada ya muda anavuka tena. Anasema yule muuza laini akimwona anashuka kwenye basi, hamuulizi kitu. Anapitisha vidole viwili kwenye kiganja, alama ya data waliyotunga wenyewe, na anamwekea bando lile kubwa.

Akiwa nyumbani, mafundi wa kule wanamtumia video fupi za mikono wakikwama. Juzi ilikuja moja tuko mezani tunakula. Bonge alikuwa anaonyesha vitu haraka haraka, anapinda kidole hivi, anasugua kiwiko vile, wenzake nyuma wamekufa kwa kicheko. Nikaitazama mara ya pili. Mimi, niliyeomba maziwa kwa mikono, sikuelewa hata nusu.

"Anasema nini?" nikamuuliza dada.

Akameza tonge kwanza. Kisha akafuta mikono, akanigeukia, akaanza kunitafsiria, polepole, alama moja moja.